Rimuva ya kutoa rangi inawalevya vijana karakana: je, barakoa yenye vichujio inatosha?

Karakana Kizota aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri kwa wenye ujuzi wa kemikali, wa tiba na wa kazi za mbao. Nina karakana ndogo ya samani hapa Dodoma, upande wa Kizota. Tangu ofisi nyingi zilipohamia huku, sehemu kubwa ya kazi tunayoletewa si kutengeneza meza mpya bali kufufua za zamani: milango ya mninga, makabati na viti vyenye matabaka ya rangi na vanishi ya miaka mingi, ambavyo mwenyewe anataka mbao yake ionekane tena. Msasa peke yake unakula muda na kuharibu kona na nakshi, kwa hiyo tunatumia rimuva, ile nzito kama uji ambayo ukiipaka, rangi inavimba na kujikunja ndani ya dakika chache, kisha unaikwangua kwa bapa.

Shida yetu ni mahali pa kufanyia. Wakazi wa huku wanaujua upepo wa kiangazi na vumbi lake. Tukiifanya kazi nje, vumbi linagandamana na rangi iliyolainika, na rimuva inakauka kabla haijamaliza kazi yake. Kwa sababu hiyo tunafanyia katika chumba cha nyuma, na tunafunga mlango na madirisha. Vijana wanasema kwamba baada ya muda kichwa kinakuwa kizito, wanacheka bila sababu na miguu inalegea kama ya mtu aliyekunywa. Juzi mmoja wao aliinama juu ya mlango uliolazwa kwenye meza akashindwa kuinuka. Tulimtoa nje, akapata nafuu, akataka kurudi kazini. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba usiku, saa nyingi baadaye, bado alikuwa analalamika kwamba kichwa kinamgonga na moyo unamwenda mbio.

Duka tunaponunua linatupimia kutoka dumu kubwa na kutujazia kwenye makopo yasiyo na maandishi. Nilipokwenda kulisoma dumu lenyewe nilikuta jina dikloromethani na namba 75-09-2. Ninaomba kujua sumu hii ina ukali gani. Je, barakoa ya mpira yenye vichujio viwili vya mkaa, ambayo tunaitumia wakati wa kupuliza rangi, inatosha? Na je, maziwa ninayowapa vijana kila jioni yanawasaidia? Pia kuna binti anayetunza hesabu zetu, ni mjamzito, na meza yake iko chumba kinachopakana na hicho cha nyuma.

---

Mkemia wa Kanda ya Kati alijibu:

Ndugu, umefanya la maana kulisoma dumu, kwa sababu neno rimuva halikuambii kilichomo ndani. Namba 75-09-2 ndiyo kitambulisho cha dikloromethani duniani kote. Kiwanda kinaweza kuiita metilini kloridi au kuipa jina lolote la biashara, lakini namba haibadiliki. Kwenye madumu ya usafirishaji unaweza kuikuta pia namba 1593 ya Umoja wa Mataifa. Ukiona mojawapo ya namba hizo, basi yafuatayo yanakuhusu.

Dikloromethani ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamu kidogo, kizito kuliko maji kwa theluthi moja hivi, na kinachemka kwenye nyuzijoto 40 za Selsiasi. Hiyo ni kwa usawa wa bahari. Dodoma, ambayo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa huo, kinachemka kwenye nyuzijoto 36 au 37, na chumba chenye paa la bati lisilo na dari hulifikia joto hilo mchana wa Novemba bila taabu. Ndiyo maana kopo lililoachwa juani huvimba, na anayelifungua kwa haraka hurushiwa mvuke na matone usoni. Mvuke wenyewe una uzito unaokaribia mara tatu ya uzito wa hewa, kwa hiyo hautokei kwenye matundu ya juu ya ukuta. Hushuka, hutandaa sakafuni na kujikusanya popote penye bonde. Kijana wako alipoinama juu ya ule mlango alikuwa ameiweka pua yake pale mvuke ulipo mzito kuliko mahali pengine pote chumbani. Nchini Marekani viliorodheshwa vifo 13 kati ya mwaka 2000 na 2011 vya mafundi waliokuwa wakitoa rangi kwenye mabeseni ya kuogea kwa rimuva ya aina hii. Bafu ni chumba kidogo, beseni lina kina, na fundi hulazimika kuingiza kichwa ndani yake.

Tupige hesabu kidogo ili ukubwa wa jambo uonekane. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 48. Kiwango cha juu kilichowekwa Marekani mwaka 1997 kwa siku ya kazi ya saa 8 ni sehemu 25 za mvuke katika kila sehemu milioni za hewa. Ili chumba hicho kilichofungwa kifike hapo zinatosha mililita 3 zilizokauka, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ni sehemu 2,300 kwa milioni, nacho hufikiwa kwa chini ya theluthi moja ya lita. Mlango mmoja wenye matabaka mengi unaweza kumaliza zaidi ya hapo kabla ya chai ya saa nne. Mwaka 2024 Marekani ilikishusha kile kiwango cha siku hadi sehemu 2 kwa milioni kwa kazi chache ambazo bado zinaruhusiwa, na tangu 2019 ilikuwa imekwisha kuzuia rimuva hii kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Umoja wa Ulaya ulikuwa umetangulia kuwakataza mafundi wa nje ya viwanda kuitumia mwaka 2012. Msitegemee pua iwaonye, kwa maana watu wengi hawaisikii harufu mpaka ifike kwenye sehemu 200 hivi kwa milioni, na baada ya muda mfupi pua huizoea na kunyamaza.

Sasa nijibu swali la barakoa, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapodanganyika. Vichujio vya mkaa hufanya kazi nzuri dhidi ya mvuke wa tina na rangi nyingi za kupuliza. Dikloromethani hainaswi vizuri na mkaa huo: chembe zake ni ndogo na nyepesi kuruka, kwa hiyo hupenya upande wa pili mapema, na mvaaji anaendelea kuuvuta huku akiamini yuko salama. Sheria ya kazi ya Marekani inadai barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Barakoa za hospitali na zile za vumbi hazifai kabisa, kwani mvuke si vumbi.

Glavu nazo zina kisa kama hicho. Zile nyembamba za nitrili au za mpira wa hospitali hupenywa ndani ya dakika chache, kisha hugeuka kuwa mfuko unaoibana kemikali kwenye ngozi, na mtu huungua zaidi kuliko kama angenawa mara moja. Zinazostahimili ni za plastiki ya matabaka iliyotengenezwa mahususi. Kuna pia za polivinili alkoholi, lakini hizo huharibiwa na maji na hata jasho, hivyo kwa joto letu sizipendekezi.

Kwa hiyo, usikitumie tena chumba hicho cha nyuma kwa kazi hii kuanzia leo, usisubiri ununue kifaa chochote. Binti wa hesabu ahamishwe leo vilevile, asikae kwenye jengo hilo wakati kazi ya rimuva inaendelea. Mvuke huu ukishaingia mwilini mwa mama huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

---

Fundi Mninga alijibu:

Ninawaheshimu wataalamu, lakini naomba na sisi wa benchi tusikilizwe. Rimuva nimeitumia tangu nikiwa kijana wa kushika msasa, na walionifundisha waliitumia kabla yangu. Kizunguzungu kipo, hakuna anayekataa. Ukikisikia unatoka nje, unapunga hewa, unakunywa maziwa, unarudi. Mkiwaambia mafundi waache rimuva, mjue pia kwamba mteja haongezi hata senti kwa sababu umetumia siku tatu badala ya moja. Mimi ninaona tatizo ni ubora wa siku hizi, kwa sababu zamani ilikuja katika kopo lililozibwa kiwandani na sasa inapimwa dukani, hata hujui kimechanganywa nini.

---

Tabibu Area C alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ya kopo lisilo na maandishi ninaikubali kabisa, na hoja ya bei nitawaachia wenzako wa ufundi. Lakini suala la maziwa na la kutoka nje kupunga hewa naomba nilieleze kitabibu, kwa sababu ndilo linaloweza kumuua mtu akiwa kitandani kwake.

Sumu hii ina hatua mbili. Ya kwanza ni ile mnayoiita kulewa. Mvuke huingia kwenye mapafu, unapita kwenye damu na kufika kwenye ubongo, ukaulegeza kama dawa ya usingizi ya upasuaji. Kichwa kinakuwa chepesi, mtu anacheka, anapepesuka. Dozi ikizidi hupoteza fahamu, na pumzi yenyewe inaweza kusimama. Hatua hii hupungua mtu akitolewa kwenye hewa safi, ndiyo sababu mafundi wanadhani mambo yamekwisha.

Hatua ya pili huanza kimyakimya. Ini huichukua sehemu ya dikloromethani iliyoingia na kuigeuza kuwa kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Jambo hili lilibainishwa mwaka 1972 kwa kupima damu ya watu waliovuta mvuke wake. Kaboni monoksidi hung'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliyeivuta kutoka kwenye mkaa, akitolewa nje, nusu yake humtoka baada ya saa 4 hadi 5. Kwa dikloromethani muda huo unaweza kuwa mara mbili au zaidi, kwa sababu kemikali iliyojihifadhi kwenye mafuta ya mwili huendelea kulipelekea ini malighafi hata mtu akiwa amekwisha kuoga na kula. Kichwa kilichomgonga kijana wa Kizota usiku, pamoja na moyo kwenda mbio, vinafanana sana na hatua hii ya pili. Apelekwe kituo cha afya akapimwe, hata kama leo anasema amepona.

Maziwa huingia tumboni, na sumu hii imeingia kwa mapafu na iko kwenye damu. Hayawezi kukutana nayo. Wape vijana maziwa kama chakula, hilo ni jambo jema, ila usiyahesabu kuwa kinga. Vivyo hivyo pombe baada ya kazi huongeza usingizi na kuficha dalili, hata jamaa wa nyumbani wakamwacha mgonjwa alale wakidhani amelewa.

Ninawaomba wahudumu wenzangu wanaosoma hapa wakumbuke jambo moja: kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye kaboni monoksidi. Kinaweza kusoma asilimia 98 kwa mtu ambaye tishu zake zina njaa ya oksijeni. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu kinachopima kaboni monoksidi yenyewe. Mgonjwa apewe oksijeni ya kiwango cha juu, asiruhusiwe kuondoka mapema kwa sababu tu amesema kichwa kimepoa. Mwenye ugonjwa wa moyo aangaliwe kwa karibu zaidi, na mvutaji wa sigara pia, kwani yeye ameingia kazini akiwa tayari na kaboni monoksidi kwenye damu.

Mtu akianguka ndani ya chumba, anayekimbilia kumwokoa bila hewa ya kuletewa anaweza kuanguka juu yake. Fungueni milango na madirisha yote kutoka nje kwanza, na piteni ndani kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo, mtu mmoja akishikilia kamba. Avuliwe nguo zilizolowa. Ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni, na mvue saa na pete, kwa maana kemikali hujificha chini yake na kuchoma. Jicho lisafishwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha. Aliyeimeza asitapishwe. Mkifika hospitali semeni jina dikloromethani au onyesheni ile namba, msiseme tu "amevuta rangi", kwa sababu tina ya kawaida haitengenezi kaboni monoksidi mwilini na daktari atatafuta kitu kingine.

Kuhusu miaka mingi ya matumizi, mzee wangu, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kemikali hii mwaka 2014 katika kundi la 2A, yaani vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Hiyo si hukumu juu ya afya yako. Ila aliyesimama leo hawezi kuwa ushahidi kwa niaba ya wale ambao hatujui walikwenda wapi.

---

Karakana Kizota aliandika:

Ninashukuru sana, Daktari na Mkemia. Binti amehamia kwenye duka la mbele, na kijana nimempeleka hospitali asubuhi hii. Ametakiwa abaki kwa uangalizi. Swali langu sasa ni la kazi. Nina milango ambayo nimekwisha kupokea malipo ya awali, na vumbi la huku halijaondoka. Niifanye kazi vipi bila kujifungia katika kile chumba?

---

Mama Samani Nzuguni alijibu:

Kaka, pole kwa yaliyokupata. Mimi pia ninafufua samani, na nitakueleza jinsi ninavyofanya kwa upepo huuhuu.

Kwanza tulitenganishe jambo ambalo mafundi wengi wanalichanganya. Vumbi ni adui wakati wa kupaka vanishi mpya. Wakati wa kutoa ya zamani halina madhara makubwa, kwa sababu mbao yako bado utaipiga msasa na kuifuta. Chumba kilichofungwa kiwe cha kupakia vanishi, basi, na kutoa rangi kufanyike nje. Nimejenga banda lenye paa na ukuta mmoja tu, upande wa mashariki, kwa kuwa upepo wetu sehemu kubwa ya mwaka hutokea mashariki na kusini-mashariki. Ukuta haufiki chini kabisa. Nimeacha nafasi sakafuni ili hewa ipite na kufagia kilicholala. Ninasimama upepo ukinipiga ubavuni. Ukiupa mgongo, hewa huzunguka mbele ya kifua chako na kukuletea mvuke usoni. Mlango ninausimamisha wima au kuuegemeza, siulazi, ili nisiuinamie. Ninaanza alfajiri na kumaliza kabla jua halijapanda, wakati upepo bado mtulivu na joto dogo, na hapo dawa haikauki haraka.

Pili, usipake dawa yoyote kabla ya kujua unachotaka kukitoa. Chovya pamba kwenye spiriti, isugue mahali pasipoonekana, chini ya kiti au nyuma ya mlango. Meza nyingi za zamani zilipigwa shelaki, nayo huyeyuka kwa spiriti ndani ya dakika chache; hapo huhitaji rimuva hata tone, unahitaji spiriti, steel wool (nyuzi za chuma za kusugulia) na subira, mbali na moto. Isipoyeyuka, jaribu tina hivyo hivyo. Kinachogoma vyote viwili ndicho kigumu kweli, na si kila samani inayo.

Kwenye sehemu bapa za mlango, hata penye vanishi ngumu, kikwangulio cha chuma kilichonolewa vizuri na kugeuzwa ukingo wake hutoa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, bila vumbi na bila kemikali. Vijana hawakipendi kwa sababu hawajafundishwa kukinoa. Kwenye nakshi ninatumia rimuva ya alkoholi ya benzili. Inakwenda taratibu, na kwa ukavu wa Dodoma ukiiacha wazi inakauka, kwa hiyo ninaipaka nene, ninaifunika kwa nailoni na kuiacha hadi kesho yake. Nayo inataka glavu na hewa, si maji ya kunywa. Magadi makali ya kutengenezea sabuni niliyaacha: yanatia mbao giza, yanalegeza viungo vilivyogundishwa, na yakiruka jichoni hayasamehi.

Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Usiipige msasa mkavu. Lowesha, kusanya tope lake, na nguo za kazi zisipande nyumbani kwenye watoto. Na wale wanaotumia hewa moto kuivimbisha rangi wasiitumie mahali palipopakwa rimuva ya dikloromethani au karibu na dumu lake, maana mvuke wake ukigusa moto au chuma chekundu huvunjika na kutoa gesi kali za kuunguza mapafu.

Fundi Mninga amesema kweli kuhusu mteja. Mimi ninaandika gharama ya kutoa rangi peke yake kwenye hati ya bei, na ya kupaka peke yake. Wengine wanalalamika, wengine wakiiona wanaamua kupakiwa rangi juu ya rangi, na hiyo pia ni kazi.

---

Fundi Mninga aliandika:

Hilo la spiriti kwenye shelaki ni kweli, tulilijua, uvivu ndio umetufanya tulisahau. Mkemia, ninalo dumu la lita 20 lililobaki nusu na ndoo ya makapi ya rangi. Ninafanyaje? Wengine humwaga kwenye shimo nyuma ya uzio.

---

Mkemia wa Kanda ya Kati alijibu:

Mzee wangu, shimoni hapana. Nilisema kimiminika hiki ni kizito kuliko maji; kikimwagwa kwenye udongo wetu hakibaki juu kikauke chote, sehemu yake huzama, na kikifika kwenye maji ya ardhini huendelea kushuka hadi kikutane na tabaka lisilopitisha. Mji wa Dodoma umetegemea kwa miaka mingi maji ya visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na nyumba nyingi siku hizi zina visima vyake. Kisima kikishachafuliwa na kemikali ya namna hii, kuchemsha maji jikoni kunaihamishia ndani ya nyumba kama mvuke. Makapi msiyachome pia, kwa sababu ileile aliyoitaja Mama Samani.

Dumu liwekwe kivulini, chini, mahali penye hewa, likiwa limesimama na lisijazwe hadi ukingoni. Liwe la chuma au lile lililotoka kiwandani, kwa kuwa dikloromethani hulainisha plastiki nyingi, na lisiwe la alumini, ambayo inaweza kushambuliana nayo kwa ukali. Makapi na vitambaa viwekwe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko na kuandikwa kwa wino usiofutika kilichomo. Kisha wasilianeni na ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, iwaelekeze kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Kwa ndoo moja gharama inaweza kuonekana kubwa. Karakana kadhaa za mtaa mmoja zikikusanya kwa pamoja inagawanyika.

Kuhusu duka, Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayeuza kemikali awe amesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na kemikali iwe na lebo. Mnunuzi ana haki ya kudai ile karatasi ya taarifa za usalama inayoitwa MSDS, nanyi mnaporudi dukani idaini kabla ya kulipa. Muuzaji akisema haijui, nunueni kwingine. Kwa upande wa mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka huohuo inaihusu hata karakana ndogo: OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, huisajili, huikagua, na hupima afya za wafanyakazi. Wenye karakana wengi huwaogopa wakaguzi kwa sababu ya faini, lakini ndio hao wenye vifaa vya kupima hewa ya chumba, kazi ambayo pua ya fundi haiwezi.

Ndugu wa Kizota, kijana aliyelazwa awe na taarifa ya maandishi kutoka hospitali inayoitaja kemikali kwa jina, na wewe uandike tarehe, kazi aliyokuwa anaifanya na mahali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hushughulikia pia magonjwa yatokanayo na kazi, na dai lisilo na jina la kemikali huchukua muda mrefu kuthibitishwa. Wale wengine waliofanya naye kazi katika chumba kile wapimwe pia, hata asiyelalamika.